Kugonga Mara Tatu

«Mama Gracieuse, juu ya nini haukumufungulia?»

Hadjara aliuliza hivyo siku ya Jumatatu asubuhi, juu ya ukuta mfupi wa udongo unaotenga parcelle zao mbili, viwanja vya nyumba zao. Alikuwa anaanika nguo za bwana yake Yassini, dereva wa camion, na kinywani alishika kibano cha kamba. Usoni hakuwa na ubaya wowote. Ndiyo maana swali lilichoma zaidi.

Kaswera alikuwa chini kwenye mkeka, anachambua maharagi ya kuuza.

«Kumufungulia nani?»

«Baba Gracieuse. Ile siku.» Hadjara alitoa kibano kinywani. «Anagonga mara tatu, na weye unakaa tu, unaangalia mulango. Miye niko mu salle nalia, nasema: fungula, mama, fungula! Hata Yassini alilia, na Yassini haliake hata ku kilio ya baba yake. Mais nikarudi nyumbani, nikawaza: juu ya nini hakufungula?»

Kaswera alitua ungo. Ile filme yeye hakuiona. Jumapili walipoionyesha kwenye salle, ukumbi wa Butembo, Gracieuse alikuwa na homa, naye alishinda karibu yake akimlowanisha paji la uso.

«Hakuna mutu aligonga kwetu, mama Hadjara. Miye sikukuwa hata mu nyumba.»

Hadjara alimwangalia kwa huruma, kama vile watu wanavyomwangalia mwenye kusema uongo kwa sababu ya haya.

«Lakini nilikuona,» alisema polepole. «Na hii macho yangu.»

Kijana aliyetengeneza filme aliitwa Zorobabel, mtoto wa Beni, mwenye sauti ya adabu. Alifika kwao wakati wa kiangazi, akisema anataka kuonyesha maisha ya wale waliokimbia vijiji. Aliomba ruhusa kwanza kwa Koko Kahongya, mama mkwe wa Kaswera, kwa kuwa parcelle ni yake na marehemu alikuwa mtoto wake. Kaswera na binti yake wanakaa kwenye chumba cha nyuma. Zorobabel hakumkata maneno, basi Kaswera alimwambia yote: kwamba kule kijijini kwao, upande wa Beni, masasi ya bunduki yalianza saa kumi ya mchana, kwamba bwana yake Apollinaire alikuwa kwenye shamba la kakao, kwamba walishapatana tangu zamani kila mtu akimbie kivyake mpaka barabarani. Kaswera alimshika Gracieuse mkono, akakimbia. Apollinaire walimkuta kesho yake, amekufa, hatua thelathini kutoka nyumbani.

«Sijue kama alifikaka ku mulango,» aliiambia camera siku ile. «Ile njo kitu inanikulaka. Sijue.»

*

Mchana uleule Koko Kahongya hakuitika salamu. Kaswera alimpelekea maji ya kunawa kama kila siku. Mzee aliyapokea, akayamwaga polepole kwenye shina la ndizi, akamrudishia beseni. Hakutukana. Saa ya kula alimwita Gracieuse kwenye nyumba kubwa, na sahani ya mama yake haikuletwa.

Siku ya pili, kwenye sala ya mama wakatoliki, Kaswera alikaa kwenye benchi lake la kila siku. Mama aliyekuwa pembeni alisogeza kikapu, kisha akajisogeza mwenyewe, kisha benchi lote likasogea, mpaka katikati kukawa nafasi ya watu watatu. Kaswera alisali rozari yake yote pale kwenye ile nafasi, kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake, bila kuruka hata fumbo moja. Walipomaliza aliwasalimu mmoja mmoja kwa majina. Waliitika, kwa sababu walikuwa bado ndani ya kanisa.

Shemeki yake Zacharie, kaka mkubwa wa marehemu, alifika Jumatano. Anauza mbao sokoni, na hata siku ya kazi anavaa shati la mikono mirefu. Alikaa kwenye kiti kimoja kilichokuwamo. Kaswera alibaki amesimama.

«Shemeki, batu banasema mingi ku quartier, mutaa muzima. Miye sitaki kusema. Mais mama yangu halale tena.»

«Mama yako aniulize.»

«Akuulize nini? Tuliona. Salle yote iliona.»

«Muliona filme.»

«Filme ni weye!» Zacharie alipiga goti lake. «Ni uso yako, ni kitenge yako, na kiti ni hii yenye nimekalia. Ao walimukodi mwengine?»

Zacharie alishusha sauti, akasema kwa upole, na huo upole ulikuwa mbaya kuliko kelele.

«Siku ya posho, Jumamosi hii, wataionyesha Beni. Bageni bakubwa batakuwapo. Sisi famille tutakaa mbele. Tukitoka pale, Gracieuse atakuya kukaa kwangu. Mwanamuke mwenye anaacha bwana yake inje mu mvua hawezi kulisha mutoto wa ukoo. Mama alishakubali.»

«Mvua? Mvua gani? Siku ile hakukukuwa mvua.»

«Unaona? Unakatala hata mvua.»

«Bibi yako alizaa mapacha juzi,» Kaswera alisema. «Unatafuta mutoto wa ndugu yako, ao unatafuta mutu wa kuwabebea maji?»

Zacharie alisimama. Alipangusa suruali yake kama kwamba kiti kilikuwa na vumbi.

«Njo maana,» alisema. «Kinywa kama hii, hata miye ningelala inje.»

Alipotoka, Gracieuse alikuwa mlangoni na bidon ya maji. Ana miaka kumi, na siku hizo alikuwa amekonda kwa ile homa. Aliingiza bidon, akafunika, akakaa juu yake.

«Mama, baba aligonga?»

«Hapana.»

«Mais Koko alisikia.»

«Koko alisikia kitu yenye ilitengenezwa na Zorobabel.»

Mtoto aliwaza kidogo. «Miye nilikuwa na weye mu njia,» alisema. «Nakumbuka ulikamata mukono yangu mpaka iliuma. Lakini hapa mu quartier banasema mpaka nawaza labda tulirudi.»

Benchi la kanisa halikuwa limemwuma Kaswera hivyo. Alifunga kitambaa kichwani, akatoka.

*

Studio ya Zorobabel ni chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Kutani amegundisha magodoro ya zamani ili kelele za pikipiki za barabarani zisiingie. Alipomwona Kaswera aliruka kutoka kwenye kiti.

«Mama Kaswera! Balilia, mama! Mara ya kwanza naona batu ba Butembo banalia mu salle bila mutu kuimba.»

«Nionyeshe.»

Alimwekea kiti mbele ya ordinateur, ile kompyuta yake, akampa hata soda. Filme ilianza na majani ya kakao, mazuri, yenye mwanga wa asubuhi. Ikaja sauti yake mwenyewe, Kaswera, akisema jina la bwana yake. Alijiona anaosha sahani, anatandika kitanda, anatembea sokoni. Alipenda. Hakuona kosa.

Kisha mvua ikaanza, na ndani ya chumba kukawa usiku. Alikumbuka namna ulivyofanyika ule usiku: ilikuwa saa tano asubuhi, walifunika dirisha na blanketi la Koko. Kelele zote zilipungua moja moja. Mbwa akanyamaza. Upepo ukanyamaza. Kukabaki tone moja la maji likianguka, na baada yake jingine, likichelewa kidogo. Mlango. Uso wake. Komeo la mlango, kubwa, limejaza kioo chote. Uso wake tena, karibu zaidi. Tone likachelewa zaidi, halafu halikuja kabisa.

Ngo. Ngo. Ngo.

«Nakuya!» Kaswera alisema.

Alikuwa amesimama. Hakujua amesimama saa ngapi. Mkono wake wa kuume ulikuwa umenyooshwa mbele, vidole vimeshika komeo ambalo halikuwako. Na pale kwenye kioo yule mwanamke wa kitenge cha kijani aliendelea kukaa, akiangalia mlango, na hakuenda. Kaswera alimchukia. Alimchukia kwa moyo wote, jinsi Koko alivyomchukia, jinsi benchi lote la mama wakatoliki lilivyomchukia. Ilimbidi ashike meza ndipo akumbuke ni nani.

Picha ikabadilika. Asubuhi, matope, buti moja ya mpira imelala upande. Zorobabel alisimamisha.

«Hata weye, mama,» alisema kwa mshangao na furaha. «Hata weye mwenyewe!»

«Nani aligonga?»

«Ni miye. Na mwiko ya bugali, ku hii meza.» Aligonga na vidole kuonyesha. «Na mvua niliikamata hapa juu ya manjanja ya paa, mwezi wa tatu. Angalia sasa bila sauti.»

Alizima sauti, akarudisha. Kaswera aliona mwanamke anayeangalia mlango. Basi. Aliona hata kwamba yule mwanamke amegeuza kichwa kidogo, na akakumbuka sababu: Gracieuse alikuwa nje na bidon, naye alikuwa anasikiliza asije akaimwaga.

«Uliniambia niangalie mulango. Nilifikiri munapima taa.»

«Uso yako haifanye kitu, mama. Njo uzuri yake! Kama ungelia, mutazamaji angekuangalia ukilia, ingeisha. Mais uso yenye haifanye kitu, kila mutu anaweka mule woga yake. Kisha namunyima. Namunyima sauti, namunyima jibu. Kumi na moya seconde. Nilijaribu saba, haikuenea. Nilijaribu kumi na tano, batu balianza kukohoa.»

Alisema hayo kama vile seremala anavyosema juu ya mlango uliokaa sawa. Kaswera alimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu naye Zorobabel aliwahi kumsikiliza mpaka mwisho.

«Juu ya nini, mwanangu?»

Kijana alitoa kofia. «Mama, batu balichoka. Miaka na miaka radio inasema: kumi balikufa, makumi mbili balikufa. Mutu anasikia, anaendelea kukula. Ukimupatia namba, anakula. Mais ukimuweka ku mulango, ukimwambia ngoja, hawezi kumeza. Weye ulisema haujue kama alifika. Nilichukua ile sijue yako, nikaipatia sauti.»

«Ile sijue ni yangu. Sikukupatia.»

«Ulisema mbele ya camera.»

«Nilisema. Hata ku padri nasemaka.» Sauti yake haikupanda. «Ondosha kugonga.»

«Siwezi. Bila ile, filme haina pumzi. Na ilishatumwa.»

«Basi kuya kwa mama mukwe wangu. Umwambie ni mwiko. Banataka kuninyang'anya mutoto, Zorobabel. Siku ya posho, filme ikiisha.»

Alishtuka kweli. Alikaa chini. Alizungusha kofia mikononi, na Kaswera aliona kwamba anapigana na nafsi yake.

«Nikisema kwamba ile ni mwiko,» alijibu, «nani ataamini ile ingine yote? Mama, mingine yote ni ya kweli. Kakao, jina, buti. Batasema: kumbe hata maiti balitengeneza.»

«Ile ungewaza mbele ya kugonga.»

Kaswera alirudisha soda mezani bila kuifungua. «Tutaonana Beni.»

«Lakini, mama…» Zorobabel aliona haya. «Viti ya mbele ni ya famille ya marehemu. Zacharie alileta majina. Yako haimo.»

*

Siku ya posho Yassini alikuwa anapakia kabichi za Lubero kupeleka Beni, na Hadjara alikuwa anaenda kumwona dada yake huko. Kaswera aliomba nafasi. Yassini aliitika mara moja. Hadjara alisogea kwenye kiti cha mbele, lakini alisogea kama wale wa kanisani. Kaswera alipanda tu. Njiani aliwaeleza habari ya mwiko, magodoro, na seconde kumi na moja.

«Mwiko?» Yassini alicheka, akapiga honi bila sababu. «Nililia juu ya mwiko?»

Hadjara hakucheka. «Mashine inaweza kuweka sauti,» alisema. «Mais inaweza pia kuacha. Namna gani nitajua gani ni gani?»

Swali lilikuwa la haki. Kaswera alishika rozari ndani ya mfuko na kuangalia barabara.

Karibu na kuingia Beni gurudumu moja lilipasuka. Yassini alipotea chini ya camion, nao wakasimama kando, mbele ya nyumba ya udongo yenye mlango uliofungwa. Jua lilikuwa bado juu. Mwanaume mmoja alitoka upande wa mashamba na jembe begani. Hakwenda mlangoni. Alisimama mbali, mwanzo wa kiwanja, pale ambapo mtu wa ndani anaweza kumwona mzima, akashusha jembe chini, akapaza sauti:

«Njo miye, Muhindo, mutoto wa Kavira! Njo miye, Muhindo, mutoto wa Kavira!»

Ndani mwanamke aliitika, komeo likatolewa, naye akaokota jembe lake na kuingia.

Vijiji vya upande ule vinajua sababu. Tangu mauaji yaanze, hakuna mtu wa nyumba anayegonga. Wanaogonga ni wale wengine. Mtu wa kwenu anasimama mbali na kuita jina lake na jina la mama yake mzazi, kwa maana muuaji anaweza kusikia jina lako shambani mkiitana, lakini jina la aliyekuzaa hawezi kulijua. Watoto wadogo wanafundishwa hivyo kabla ya kujua kuhesabu.

Hadjara alikuwa ameshika kichwa. «Kwa dada yangu nasikiaka hii kila mara,» alisema. «Nilikulia hapa Beni. Namna gani nilisahau? Namna gani salle muzima tulisahau?»

Kaswera naye alikuwa amesahau. Alikuwa ameshika komeo la hewa kwenye chumba cha magodoro, akasahau kitu anachokijua kama jina lake.

«Astaghfirullah,» Hadjara alisema. «Nilikuchukia siku tano.» Akamshika mkono, akaanza kumpigia Yassini kelele afanye haraka na lile gurudumu, wao wanachelewa filme.

*

Kwenye mlango wa salle kulikuwa na kijana mwenye karatasi.

«Mama, uko ku liste?»

«Niko ku filme.»

Kijana aliangalia ile picha kubwa iliyogundishwa ukutani, akamwangalia yeye, akasogea.

Madirisha yalikuwa yamefunikwa na bâche za bluu, maturubai ya plastiki, na joto lilikuwa kali. Watu walijaa mpaka kutani. Mbele kabisa aliona kitambaa cheupe cha Koko Kahongya, shati la Zacharie, na katikati yao kichwa kidogo cha Gracieuse, nywele zimesukwa upya na mtu mwingine. Kaswera alisimama nyuma karibu na ukuta. Kioo alikuwa anakijua, basi aliangalia watu. Aliona namna ile kazi inavyofanyika. Mvua ilipoanza, mama mmoja alijifunika kitenge mabegani katika lile joto. Mbwa aliponyamaza, mzee mmoja aliacha kujipepea. Tone la kwanza, la pili. Kijana aliyekuwa anatafuna karanga alisimamisha taya. Watu mia mbili walikuwa hawapumui, nao hakuna aliyewaambia waache kupumua.

Ngo. Ngo. Ngo.

«Fungula!» mwanamke mmoja alilia.

«Fungula, mama! Ni bwana yako!»

Kaswera alitembea katikati ya viti mpaka mbele, akasimama ndani ya mwanga. Uso wake mkubwa ulianguka juu ya blauzi yake, na kivuli chake kiliziba mlango.

«Mama, toka! Hatuone!»

«Munaona,» alisema. «Ni miye.»

Mashine ilisimama. Mtu aliwasha taa. Watu walipepesa macho kama waliotolewa majini. Zacharie alikuwa ameinuka nusu, lakini wageni walikuwa kwenye mstari uleule wakimwangalia, akakaa.

«Miye ni Kaswera, bibi ya marehemu Apollinaire. Sikukuya kuomba musamaha, na sikukuya kulia. Nakuya kuuliza. Ninyi batu ba Beni, nani hapa anagongaka?»

Watu walikuwa bado kwenye ile mvua ya filme.

«Nauliza. Ukitoka ku shamba, unafika kwako, unagonga?»

Mzee wa pepeo ndiye aliyeanza kucheka, taratibu, tumboni. «Kwetu ukigonga,» alisema, «tunatokea ku dirisha ya nyuma, tunakuachia hata bugali.»

Salle ilicheka, kicheko kikubwa cha watu wanaoamka. «Banaita!» walisema huku na huku. «Banaita jina yao! Na jina ya mama!» Walianza kuulizana kwa nguvu walikuwaje hata wakasahau, kila mmoja akimlaumu aliye pembeni yake.

Kaswera alingoja wanyamaze. Akamgeukia mama mkwe.

«Mama. Apollinaire akikuya kwako kule Butembo, mchana, ku mulango ya parcelle, alikuwa anafanya nini?»

Koko Kahongya hakuinua macho. Mikono yake ilikuwa imeshika mkono wa Gracieuse juu ya magoti.

«Batu ba quartier balimucheka,» alisema kwa sauti ndogo. «Nilimwambia: mwanangu, hapa ni mu ville, gonga kama batu. Hakugonga hata siku moya. Alikuwa anasimama mu barabara, mutu muzima, na ndevu. Njo miye, Apollinaire, mutoto wa Kahongya.»

«Kama alifika nyumbani ile siku,» Kaswera alisema, «alisimama ku ndizi, akaita jina yako, mama. Hakuna mutu alimuitika, ju miye nilikuwa nakimbia na mutoto wake. Ile njo nabeba, na nitaibeba mpaka Mungu atanitua. Mais hii yenye munasikia hapa, sitaibeba.» Alitafuta kwa macho, akamwona Zorobabel karibu na mashine. «Nani aligonga?»

Zorobabel alikuwa mweupe midomoni. Aliangalia wageni, akaangalia mzee wa kitambaa cheupe.

«Ni miye,» alisema. «Na mwiko. Koko, munisamehe. Ni miye.»

Zacharie alisimama sasa, shati limeshika mgongo kwa jasho. «Hata kama! Aligonga, hakugonga, mutoto ni wa ukoo. Tulishapatana. Mama, twende.»

«Zacharie, kaa.»

«Mama, tulishasema…»

«Nilisema kaa.» Koko Kahongya hakupaza sauti. «Mutoto atalala kwenye alikuwa analala.»

Alifungua mikono yake juu ya magoti. Gracieuse aliiangalia ile mikono iliyo wazi, akaondoka kwenye kiti, akaja kusimama na mama yake ndani ya lile eneo la mwanga.

Hapo ndipo Zorobabel aliposhtuka kama mtu aliyekumbuka moto jikoni. Alinyakua camera yake juu ya meza, akaruka miguu ya watu, akafika mbele akihema.

«Mama Kaswera, usitoke! Ile umesema sasa, njo mwisho ya filme! Njo mwisho ya kweli!» Alikuwa tayari amepiga goti, jicho kwenye kioo. «Camera haikukuwa inaenda. Rudia tu. Simama pale pale. Koko, nanyi mutarudia ile ya jina, polepole, vile vile. Kisha weye, mama, mbele ya kujibu, nyamaza kidogo. Angalia mulango, unyamaze. Batu bangoje. Zimeni taa!»

Mtu alizima. Mmoja wa wageni alisogeza kiti chake ili aone vizuri. Mwanga wa mashine ulibaki peke yake kwenye kioo, na watu mia mbili wakanyamaza tena, shingo zimenyooka, wakingoja.

Kaswera aliangalia mlango. Alikaza kitenge kiunoni, akamshika Gracieuse mkono, akaizunguka camera kwa upande wa ukuta, akatoka.